Maneno ya Hati za Kale na Amana ya Mwenye Kuzisoma

Katika darasa yetu ya baada ya Isha yaliletwa mas-ala ambayo hatukuona vyema kuyajibu kwa neno moja kisha tukapita. Mwenye kuyaleta alisema: mtu amefungua sanduku la marehemu bibi yake, akakuta humo hati za kuuziana mashamba, waraka wa wakfu, na cheti cha uhuru kilichokunjwa mara nne. Ataka kujua kwa karatasi hizo watu wake walikuwa nani. Je, ana ruhusa kuyafahamu maneno yake kwa njia impendezayo, maadamu walioyaandika wamekwisha kufa na hapana tena wa kumpinga? Na akikuta humo neno ambalo jamaa zake hawapendi lisikike, alifiche au aliseme?

Wengi hudhani kuwa jambo hili ni la wapenda tarehe tu, wala halimhusu mtu aendaye dukani kwake asubuhi na kurudi jioni. Sivyo. Miji yetu haina nyumba ya zamani isiyo na karatasi, wala haina karatasi isiyo na mtu wa kuidai. Ilipotungwa sheria ya milki za ardhi ya mwaka 1908, kila mwenye kudai ardhi ya pwani alitakiwa alete dai lake na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Tangu hapo hati za Kiarabu zilizokuwa zikilala makashani zilitolewa zikawa silaha. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, lakini magomvi yaliyozaliwa nayo hayakufutika. Na siku hizi yamezidi, kwani vijana huzipiga picha hati kwa simu zao wakazipeleka kwa jamaa walioko Maskati na London, kila mmoja akazifasiri kwa elimu aliyo nayo au asiyo nayo. Neno moja likifasiriwa vibaya, shamba hubadili mwenyewe, mtoto hubadili baba, na maiti husingiziwa.

Mwenyezi Mungu, katika aya iliyo ndefu kuliko zote za Kurani, nayo ni ya 282 katika Suratul-Baqara, ameamrisha deni liandikwe, akamwekea mwandishi sharti la uadilifu, na mashahidi akawakataza kukataa waitwapo. Aghalabu tuisomapo aya hii twamfikiri mwandishi na mashahidi peke yao. Sisi twaona kuwa ndani ya maana yake yumo na wa tatu, naye ni msomaji. Kwani yafaa nini watu kuandikiana, ikiwa yule atakayekuja kusoma baada ya miaka mia aweza kuyageuza maneno yao atakavyo? Mwandishi alikuwa na wenye haki wakimtazama kalamu. Shahidi alikuwa na kadhi wa kumhoji. Msomaji wa karatasi za wafu hana amtazamaye ila Mola wake, na kwa hivyo amana yake ni nzito kuliko zao.

Natuanze na makosa yasiyokuwa na nia mbaya, maana hayo ndiyo mengi. Hati nyingi za Kiarabu za pwani yetu huanza kwa kukiri: amekiri fulani bin fulani kwamba amemuuzia fulani shamba lake lililoko mahali fulani, kwa riyali kadha. Kijana ambaye neno kukiri amelisikia katika habari za wezi na mahakama tu, hudhani babu yake alishitakiwa akakubali kosa. Kumbe ikirari kwa wanazuoni wa fiqhi ni mtu mwenye akili zake na hiari yake kuitamka haki ya mwenziwe iliyo juu yake. Haina harufu ya hatia. Aliyesimama mbele ya kadhi na mashahidi akakiri kuwa ameuza na thamani ameipokea, alifanya jambo la heshima, na yafaa wajukuu wake wajivunie kuwa aliliandika.

Kadhalika neno wakili. Mwanamke asemwapo kuwa ameuza kwa mkono wa wakili wake, naye ni ndugu yake, isidhaniwe kuwa alikodi mwanasheria, wala isidhaniwe kuwa mali haikuwa yake ila ilikuwa ya ndugu. Mali ilikuwa yake hasa, na ndiyo maana ndugu akahitaji uwakili. Hati za namna hii ni ushahidi mkubwa kuwa wanawake wa miji yetu walimiliki nyumba na mashamba, wakanunua, wakauza, wakaweka wakfu, na wako leo wanaokana jambo hilo ilhali jina la bibi yao limo ndani ya waraka. Ama wasii ni mwingine. Huyo aliwekwa na marehemu kuangalia mali na watoto baada yake, au aliwekwa na kadhi pale ambapo marehemu hakumweka mtu. Twawajua watu wanaolitaja kwa fahari shamba la babu yao, na karatasi waliyo nayo yasema waziwazi kuwa babu huyo alilishika kwa usii wa mayatima. Neno hilo moja, lenye herufi tatu nne za Kiarabu, ndilo linalotenga baina ya urithi wa halali na kula mali ya yatima. Mtu akiliruka asipolifahamu ana udhuru. Akilifahamu kisha akaliruka, hana.

Mipaka nayo ina lugha yake. Waandishi wetu walitaja pande nne kwa kibla, suheli, matlai na maghribi. Kibla kwetu ni upande wa kaskazini, na suheli, ambayo ni nyota ya kusini, ndiyo kinyume chake. Matlai ni linakochomoza jua. Mtu aliyezoea lugha ya Misri, ambako upande uitwao kibli ni wa kusini, aweza kulipindua shamba zima juu chini, jirani wa kaskazini akamfanya wa kusini. Na tarehe vivyo hivyo. Mwezi wa tatu kwa hesabu ya Kiarabu ni Rabiul-Awwal, lakini mfunguo tatu wa Waswahili ni Dhulhija, mwezi wa Hija, kwa kuwa sisi twahesabu tangu kufungua Ramadhani. Na Rabiul-Awwal, mwezi wa maulidi, kwetu ni mfunguo sita. Aliyeandika usiku wa Ijumaa alikusudia usiku ambao siku hizi twauita wa Alhamisi. Na mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, hata miaka 33 yake yapata miaka 32 ya jua. Haya ni mambo madogo, lakini mtoto aliyezaliwa miezi mitatu baada ya talaka na aliyezaliwa mwaka mmoja na nusu baada yake si mamoja katika sheria.

Sasa tuje kwenye maneno ambayo humo tamaa huingia. La kwanza ni bei khiyari. Katika karne ya kumi na tisa, Unguja na Mombasa, mwenye shamba akihitaji fedha alimwendea mwenye mali, akamuuzia shamba kwa riyali kadha, kwa sharti kuwa akirudisha fedha hizo ndani ya muda fulani shamba litarudi kwake. Katika muda huo mara nyingi muuzaji hakuondoka; alikaa papo hapo akawa ampa mnunuzi kodi. Kwa sura ni bei, na kwa mambo yalivyo ni mkopo uliowekewa shamba. Wanazuoni hawakuwa na kauli moja. Katika madhehebu ya Shafi khiyari ya sharti haipiti siku tatu, na Mashafi wa Hadhramauti walipoitaka namna hii ya biashara waliiita bei ya uhda na wakaitafutia njia. Mahanafi wana bei ya wafaa. Na Maibadhi wa Omani walikuwa wapana zaidi katika muda wa khiyari. Hapa si mahali pa kuingia katika ugomvi wa hila na riba, ijapokuwa rai yetu juu ya kodi ile ya muuzaji si ya kuisifu. Tutakalo kusema ni hili: mwenye hati ya bei khiyari hana haki ya kuchagua nusu ya neno. Wajukuu wa mnunuzi huonyesha neno bei wakasema, babu yenu aliuza, ondokeni. Wajukuu wa muuzaji huonyesha neno khiyari wakasema, hatukuuza, rudisheni. Wote wawili wamesoma neno moja moja. Mwadilifu hutafuta muda uliotajwa, kisha hutafuta hati ya pili, ama ya kurudisha fedha ama ya kukata bei, maana aghalabu ilikuwako; asipoiona, na aseme sijaiona, asiseme haikuwako.

Karibu na hilo ni jambo la minazi. Kwa ada ya pwani mti aweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, kama ilivyo katika Mombasa hata leo mtu kuwa na nyumba asiwe na ardhi iliyo chini yake. Basi aliyekiri kuwa ameuza minazi mia hakukiri kuwa ameuza ardhi, na aliyenunua nyumba hakununua kiwanja, ila ikiwa waraka umesema. Mwenye kufasiri hati kwa Kiingereza akaandika shamba pale palipoandikwa miti, amenyakua ardhi ya watu kwa wino.

Na wakati mwingine asomaye vibaya si mrithi mwenye tamaa, ni hakimu mwenye elimu. Wazee wetu wengi waliweka wakfu nyumba zao juu ya watoto wao na dhuria zao kizazi baada ya kizazi, na wakikatika, juu ya msikiti au mafakiri. Kwao hiyo ilikuwa ni sadaka, kwani katika Uislamu kumpa jamaa ni sadaka na ni kuunga udugu pamoja. Lakini mwaka 1894, katika shauri lililotoka Bara Hindi, baraza la rufani la London liliona kuwa wakfu ambao mafakiri watafaidika nao baada tu ya kwisha kizazi kizima si sadaka ya kweli. Neno sadaka walilipima kwa neno la Kiingereza, ambalo ndani yake mtoto wa mtu hamo. Wahindi walipiga kelele hata mwaka 1913 ikatungwa sheria ya kuusahihisha wakfu wao. Huku kwetu hukumu ile ikaendelea kufuatwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikathibitishwa tena London katika shauri lililotoka Kenya, ikabidi wakfu wa jamaa ulindwe kwa sheria ya wakfu ya mwaka 1951. Hawa walikuwa mahakimu wakubwa, wala hakuna awezaye kusema walipokea rushwa. Walikosa kwa kuwa walidhani neno la watu wengine lina mipaka ile ile ya neno lao. Ikiwa hao walikosa hivyo, vipi mtu mwenye kamusi moja ya mfukoni?

Twaja sasa kwenye sehemu iliyo ngumu, na ambayo kwa hakika ndiyo iliyoleta swali. Karatasi za pwani yetu zimejaa majina ya watu waliokuwa watumwa. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kuikomesha biashara ya watumwa baharini. Hali ya utumwa yenyewe iliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Siku ya kwanza ya mwaka 1889 huko Rabai watoro zaidi ya 1,400 walipewa vyeti vya uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa. Hayo si ya zamani sana. Yuko mzee hai leo ambaye nyanya yake alizaliwa kabla ya sheria ile ya 1907. Basi si ajabu hata kidogo kwa mtu wa mji kukuta katika sanduku lake maneno kama hadimu wa fulani, mzalia wa nyumba ya fulani, suria wa fulani, au jina lililofuatwa na neno maula.

Hebu tulitazame neno hili maula, kwa maana ndani yake mna mafunzo yote ya mas-ala haya. Katika lugha ya Kiarabu, maula ni bwana aliyemwacha mtu huru, na maula ni yule yule aliyeachwa huru. Neno moja laita pande zote mbili za kamba. Na ndugu yake si mwepesi kuliko yeye: muutiki ni mwenye kuacha huru, na muutaki ni aliyeachwa, lakini kwa kuwa waandishi hawakutia irabu, maneno haya mawili huandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Msomaji aonaye jina la babu yake kando ya jina la mtu mwingine, na baina yao neno hilo, karatasi yenyewe haimwambii moja kwa moja nani alimmiliki nani. Atajuaje? Kwa kutazama yaliyo kando yake: nani ametajwa kwa nasaba ya mababa watatu wanne na kabila, na nani ametajwa kwa jina moja, nani arithi na nani arithiwa, katika hati nyingine za miaka ile kila mmoja ameitwaje. Ni kazi ya subira. Lakini tumeona kuwa kazi hii hufanywa na moyo kabla ya jicho. Mwenye kutaka ubwana husoma muutiki, akafunga karatasi. Hakusema uwongo, kwani herufi zamruhusu. Na hapo ndipo swali la maadili lilipo hasa: mtu aweza kutenda dhulma bila ya kubadili hata nukta moja ya maandishi.

Wako wanaosema: hata kama alikuwa mtumwa, si tumeamrishwa kumsitiri Mwislamu? Basi natumsitiri babu yetu. Maneno haya yana sura nzuri, lakini hayasimami. Kusitiri ni kwa dhambi na aibu ya mtu. Aliyetekwa akiwa mtoto, akatiwa jahazini, akauzwa Unguja au Mombasa, ana dhambi gani ya kusitiriwa? Ikiwa pana aibu katika habari hiyo, ni ya aliyemteka na aliyemnunua. Basi mjukuu alifutaye neno maula akidhani amsitiri babu yake, kwa kweli amewasitiri waliomfanyia babu yake mabaya, na babu mwenyewe amemnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho, nacho ni kujulikana kuwa aliyapitia hayo akayamaliza akiwa huru na Mwislamu na baba wa watu. Lugha yetu yenyewe imebeba kovu hili. Neno mjinga zamani liliitwa mtumwa aliyewasili karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi. Leo twatukanana nalo bila ya kujua tumtukanaye ni nani.

Na dalili iliyo wazi kuliko maneno yetu iko katika Suratul-Ahzab. Zaid bin Haritha (R.A.) alitekwa angali mtoto, akauzwa, kisha akafika kwa Mtume (S.A.W.) aliyemwacha huru na kumfanya mwanawe, hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Ni nasaba gani mtu angeweza kuitamani iliyo tukufu kuliko hiyo? Hata hivyo aya ya tano ya sura hiyo iliamrisha watu waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao ni ndugu katika dini na ni mawali, ambayo ndiyo wingi wa maula. Zaid akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Naye ndiye sahaba wa pekee ambaye jina lake limetajwa ndani ya Kurani. Basi neno hili ambalo watu wa miji yetu hulikwaruza kwa wembe, ndilo Mwenyezi Mungu alilolichagua badala ya nasaba ya kubuni. Anayetunga shajara ya kumfikisha kwa masharifu au kwa kabila la Omani, ilhali karatasi yamwambia vingine, amekimbia jina alilopewa na Mola wake akaenda kuomba jina kwa majirani.

Ama suria, juu ya neno hili twaona dhulma kubwa zaidi, na wadhulumiwao ni wanawake na watoto wao. Msomaji wa leo akiliona hulifasiri kwa hawara, na mtoto wake akamfanya mwanaharamu. Hili ni kosa la kisheria kabla ya kuwa kosa la adabu. Kwa sheria iliyokuwa ikihukumu wakati ule, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru tangu kuzaliwa, nasaba yake imethibiti, na fungu lake katika mirathi ni sawasawa na la ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Mama yake hakuweza kuuzwa tena, na katika madhehebu yetu alikuwa huru mara bwana wake afapo. Sayyid Majid, Sayyid Barghash, Sayyid Khalifa na Sayyid Ali, waliotawala Unguja mmoja baada ya mmoja baada ya kufa baba yao Sayyid Said mwaka 1856, wote walikuwa wana wa masuria. Na Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), mama yake ni Mariya Mkibti. Hatusemi haya ili kuupamba usuria. Mwanamke yule hakuulizwa kama ataka, na sheria kumlinda mtoto wake si ushahidi kuwa yeye hakuonewa. Twasema tu kuwa atakaye kuwatoa jamaa zake katika mirathi ya nyumba ya kale kwa hoja kuwa nyanya yao ameandikwa suria, amesema kinyume cha sheria ile ile ambayo hati iliandikwa chini yake.

Majina nayo yataka hadhari. Aghalabu aliyeachwa huru asiyejulikana baba yake aliitwa bin Abdallah, maana kila mtu ni mja wa Mungu. Kuna watu waliokwisha kuijua habari hii, nao sasa kila bin Abdallah wamwonaye katika daftari humhukumu kuwa mtumwa. Subhanallah! Mtume wetu mwenyewe ni Muhammad bin Abdallah.

Laweza kuulizwa: je, basi kila jambo litangazwe? Hapana. Yako mambo mawili watu huyachanganya. Mtu kuzisoma karatasi za jamaa zake ili awajue, na kila mwenye haki apate haki yake, ni jambo jema. Mtu kuchimba karatasi za majirani ili siku ya posa ainuke aseme, huyu asili yake ni hivi, huo ni upelelezi uliokatazwa, hata kama asemalo ni kweli. Twajua kuwa vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu vyataja nasaba na uhuru katika mlango wa kufu. Lakini kufu ni haki ya mwanamke na walii wake kuridhia au kutoridhia. Haikuwekwa iwe fimbo ya mji mzima. Zainab binti Jahsh, naye ni binti wa shangazi yake Mtume (S.A.W.), aliozwa Zaid huyo huyo tuliyemtaja. Na tazameni jambo la kushangaza: wale wenye kuikwaruza karatasi yao ndio wanaoipa fimbo hii nguvu. Lau kila nyumba ingesema kwa sauti ya kawaida, bibi yetu alikuwa mzalia wa nyumba ya fulani, tena alitulea vyema, nani angesalia na wa kumcheka?

Na tukiulizwa juu ya mzee aliye hai, aliyelelewa akiambiwa kuwa yeye ni wa ukoo fulani, naye asema, niacheni nife na niliyoambiwa na mama yangu? Hapa hatuna ukali. Ikiwa hapana mirathi wala wakfu wala ndoa inayosimama juu ya habari hiyo, kunyamaza kwaruhusiwa, na huenda kukawa ni wema. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kuikata karatasi ni jingine. Aliyenyamaza ameuchelewesha ukweli. Aliyekata ameua shahidi, na shahidi huyo hakuwa wake peke yake. Huenda katika nyumba ya tatu yuko mtu ambaye jina la babu yake halimo pahali pengine duniani ila katika ubavu wa karatasi ile.

Katika kusoma kwenyewe hatuna mengi ya kuagiza. Mtu asisome peke yake hati ambayo ana maslaha nayo. Na asome pamoja naye mtu ajuaye Kiarabu cha fiqhi, na mwingine ajuaye mitaa na watu wa zamani, kwani wa kwanza hajui Suheli ya shamba ilikuwa kwa nani, na wa pili hajui tofauti ya hiba na wasia. Hiba ni ya uhai, na haitimii ila kwa kukabidhiwa. Wasia ni wa baada ya kufa, wala haupiti thuluthi ila warithi wakiridhia. Neno lisilofahamika linakiliwe kama lilivyo kwa herufi zake, lisijazwe kwa dhana. Na neno lenye njia mbili, kama maula, ziandikwe njia zote mbili, na kando yake iandikwe sababu iliyomfanya msomaji aegemee mojawapo, ili ajaye baada yake apate la kumsahihisha.

Mwenye karatasi za namna hii asiyepata wa kumsomea, na azilete darasani usiku wa Ijumaa baada ya Isha, zitasomwa mbele yake naye atarudi nazo. Azilete zenyewe, wala asilete picha iliyokatwa ikabakishwa maandishi ya katikati tu. Mara nyingi majina ya mashahidi, na wakati mwingine neno la kuirudisha bei, huwa yameandikwa pembeni.